Ameachiliwa au ameponyoka?

Somo letu la mara hii limetokana na neno moja tunalolisikia kila tunapozunguka, kuanzia Maua na Nkubu hadi Runyenjes na Siakago. Mtu akishtakiwa mauaji, kesi ikasikizwa mpaka mwisho, na jaji akamwambia aende nyumbani, watu hawasemi "ameachiliwa." Wanasema "ameponyoka." Yaani alikuwa ameshikwa, na haki ikateleza mikononi kama samaki. Kwa wanaosema hivyo kesi imeshaamuliwa zamani: huyu ni muuaji, ila ana bahati, au ana pesa, au ana mkubwa fulani anayempigia simu.

Hatusemi kwamba watu hawana sababu. Nchi hii ina historia, na historia hiyo ndiyo inayotufundisha kushuku. Hebu tuanze na kesi ambayo karibu kila mzee anaikumbuka.

Dakta Robert Ouko, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia Februari 13, 1990. Mwili wake ulipatikana karibu na kilima cha Got Alila, si mbali na kwake, ukiwa umepigwa risasi na kuchomwa moto. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi, lakini tunakumbuka vile wazazi walivyokuwa wakiizunguka redio na kutufukuza tutoke nje. Mwanzoni kulikuwa na maneno ati alijiua. Wananchi wakauliza, mtu anajipigaje risasi kisha anajichoma? Serikali ikamwita mpelelezi kutoka Uingereza, John Troon wa Scotland Yard. Mnamo Oktoba 1990 tume ikaanza kazi chini ya Jaji Evans Gicheru, na Novemba 1991 Rais Moi akaivunja kabla haijamaliza.

Siku hizohizo watu kadhaa walikamatwa. Miongoni mwao alikuwa Nicholas Biwott, waziri aliyeogopwa sana wakati ule, na Hezekiah Oyugi, aliyekuwa Katibu wa Kudumu wa usalama wa ndani katika Ofisi ya Rais. Wawili hawa waliachiliwa bila kushtakiwa. Oyugi alifariki mwaka 1992. Aliyebaki ndani, na akashtakiwa kwa mauaji, ni Jonah Anguka, ambaye alikuwa DC wa Nakuru.

Kesi ya Anguka ilikuwa ndefu na ya ajabu. Jaji wa kwanza, Fidahussein Abdullah, alifariki kabla ya kuimaliza, kwa hivyo ikabidi kuanza upya mbele ya Jaji Daniel Aganyanya. Mwaka 1994 Anguka akaachiliwa huru. Wakati huo mshtakiwa wa mauaji hakupewa bondi, na kwa hivyo mtu ambaye korti ilisema hana hatia alikuwa ameshakaa rumande zaidi ya miaka miwili. Baadaye akaenda Marekani, na mwaka 1998 akatoa kitabu kiitwacho Absolute Power, akieleza kwamba hakumwua Ouko.

Je, ubishi uliisha? Hata kidogo. Kwenye matatu, sokoni, hata nje ya kanisa baada ya misa, wako waliosema Anguka alikuwa mbuzi wa kafara tu, na wako waliosema ameponyoka. Kuhusu Biwott, ambaye hakuwahi kufikishwa mbele ya jaji kwa jambo hili na aliyekana siku zote, watu walisema wazi zaidi. Waliosema kwa maandishi walilipa: mwaka 2000 korti iliamuru Biwott alipwe fidia ya shilingi milioni 30 kwa ajili ya kitabu kilichomhusisha na kifo hicho. Mwaka 2003 Bunge lilianza uchunguzi mwingine, na kamati yake iliongozwa na Mheshimiwa Gor Sungu. Biwott alifariki mwaka 2017. Na hadi leo, zaidi ya miaka thelathini, hakuna mtu hata mmoja aliyehukumiwa kwa kumwua Robert Ouko.

Tazama sasa jinsi mjadala ulivyotuchezea. Tulibishana miaka hii yote juu ya watu: huyu ana uso wa muuaji, yule alikuwa rafiki wa Rais. Swali la nani aliharibu uchunguzi, nani aliamua tume ivunjwe, na kwa nini faili halikuendelea baada ya 1994, hilo tuliliacha likalala. Mtu akiachiliwa na korti, mauaji hayajafutwa. Yule aliyeua bado yuko mahali fulani, na polisi bado wana kazi.

Hapa ndipo tunataka kuingia kwenye sheria kidogo, na tafadhali msikimbie.

Kipengele cha 50 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mshtakiwa achukuliwe hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba anayo. Kazi ya kuthibitisha ni ya Serikali. Mshtakiwa anaweza kunyamaza tangu mwanzo mpaka mwisho na bado akashinda. Na kipimo cha kesi ya jinai ni kikali: ushahidi usiache shaka ya maana. Ni kama kupeleka kahawa kiwandani. Ukifika na debe lenye buni za kijani zimechanganyika na zilizoiva, karani anakurudishia. Hasemi wewe si mkulima. Hasemi pia kwamba shambani kwako hakuna kahawa nzuri. Anasema tu kwamba debe hili, jinsi lilivyoletwa, halipokelewi. Basi jaji anapomwachilia mtu, anasema debe la Serikali halikuiva. Tofauti ni moja, na ni kubwa: kiwandani unaweza kwenda kuchagua upya ukarudi kesho, lakini kesi ikishaamuliwa Serikali haiwezi kumfungulia mtu yuleyule kesi mpya kwa kosa lilelile. Inaweza kukata rufaa ikiona jaji alikosea sheria, basi.

Lakini si kila anayerudi nyumbani amerudi kwa njia moja, na hapa watu wetu wanachanganya sana. Wa kwanza ni yule aliyepewa bondi. Tangu Katiba ya 2010 hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kupewa bondi, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumzuia. Watu wakimwona sokoni Ijumaa wanasema amehonga, kumbe kesi yake inaendelea na Jumatatu anatakiwa kortini Embu au Meru. Wa pili ni yule ambaye mashtaka yake yameondolewa kabla hajaitwa kujitetea. Huyo hajasafishwa, anaweza kushtakiwa tena ushahidi ukipatikana. Wa tatu ni yule ambaye jaji amesema hana kesi ya kujibu, au amesikizwa mpaka mwisho akaonekana hana hatia. Huyo amemalizana na korti. Tunaomba viongozi wa jumuiya wakisikia fulani amerudi, waulize kwanza amerudi kwa njia gani. Chifu anaweza kujua, na karani wa korti anajua.

Kuna kesi nyingine ya zamani iliyogusa upande wetu huu wa Mlima Kenya. Januari 24, 1941, Lord Erroll, Mwingereza mwenye cheo kikubwa katika Kenya ya wakoloni, alipatikana amepigwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen. Alishtakiwa Sir Jock Delves Broughton, mzee tajiri ambaye mkewe kijana alikuwa na uhusiano na Erroll. Sababu ya kuua ilionekana, wivu ulionekana, na mji mzima wa Nairobi ulikuwa umeshaamua. Polisi walikwenda hadi shamba moja la Nanyuki kuokota risasi, kwa maana huko ndiko Broughton alikuwa amefanya mazoezi ya shabaha. Walidhani wamemaliza kazi. Wakili wake, Harry Morris kutoka Afrika Kusini, akashikilia jambo moja tu: alama zilizokuwa kwenye risasi zilizomwua Erroll hazikuwa za bastola ya aina ile aliyokuwa nayo mteja wake. Julai 1, 1941, Broughton akaachiliwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, alijiua huko Liverpool. Wengine wakasema, si mnaona, dhamiri imemshika. Lakini mtu aliyekuwa akitazamwa kwa jicho lile kila anapoingia mahali, angeweza kufika hapo bila kuwa ameua mtu. Vitabu vimeandikwa, sinema ikatengenezwa mwaka 1987, na waandishi bado wanabishana. (Sisi tunaona ajabu kidogo kwamba kifo cha Mzungu mmoja kimepata vitabu vingi kuliko maelfu ya vijana wa Meru na Embu waliokufa misituni na vizuizini miaka kumi na mitano baadaye. Lakini hilo ni somo la siku nyingine.)

Wasomaji wengine watatuuliza kuhusu O. J. Simpson, yule mchezaji maarufu wa Marekani. Oktoba 3, 1995, baraza la wazee wa korti huko Los Angeles lilisema hana hatia ya kumwua mke wake wa zamani, Nicole Brown Simpson, na rafiki yake Ron Goldman. Nchi ile iligawanyika, weusi wengi wakishangilia na weupe wengi wakikasirika. Wengi wa weusi hawakuwa wanamshangilia Simpson mwenyewe. Walikuwa wanakumbuka polisi waliokuwa wamewatesa kwa miaka mingi. Halafu mwaka 1997 familia zikampeleka kwenye korti ya madai, na huko akaonekana anawajibika, akaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 33. Watu huuliza: inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu kesi ya madai ina mizani tofauti. Huko upande ukizidi kidogo tu, unashinda. Lakini hakuna jela. Hata Kenya familia inaweza kudai fidia ya kifo kwa njia ya madai, ila muda wa kufungua kesi hiyo ni mfupi, kwa hivyo wakili aonwe mapema.

Tumezungumza juu ya wakubwa. Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo neno "ameponyoka" linapouma.

Ofisi yetu imeketi mara nyingi na mjane mmoja wa upande wa Embu, ambaye hatutataja kijiji chake. Mumewe aliuawa usiku njiani karibu na nyumbani. Mama akashikwa, kwa sababu walikuwa wamegombana wiki hiyo na majirani walisikia. Kesi ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Mashahidi waliokuja walisema walisikia ugomvi. Hakuna aliyemwona akiwa karibu na mahali pale. Jaji akasema hana kesi ya kujibu. Aliporudi alikuta mpaka wa shamba umesogezwa mpaka mlangoni, mabati ya jikoni yameng'olewa, na migomba imekatwa. Shemeji mkubwa akamwambia maneno ambayo hatujayasahau: "Korti ilikuachilia, sisi hatujakuachilia."

Tukachunguza. Sheria ya Urithi ni kweli inasema kwamba muuaji hawezi kumrithi mtu aliyemwua. Mashemeji walikuwa wameisikia sheria hiyo kwa mtu, na wakaishika kama rungu. Lakini sheria haisemi kwamba kikao cha ukoo kikiamua fulani ni muuaji, basi yamekwisha. Anayedai hivyo alete ushahidi mbele ya korti ya urithi. Mpaka hapo mjane ni mjane, na haki yake ya kukaa katika shamba la mumewe na kulea watoto iko palepale. Na tuseme wazi tunachofikiri, kwa kuwa tumeona zaidi ya kesi moja: mara nyingine neno "muuaji" linatumika kwa sababu ekari mbili za majani chai zinatamanika.

Hata hivyo, katika boma hilohilo kuna mtu mwingine tunayemkumbuka: mama yake marehemu. Nyanya huyu amezika mwana. Alikwenda kortini kila siku ya kesi, akaketi nyuma, mambo yakasemwa kwa Kiingereza, na siku ya mwisho mkalimani akampa sentensi mbili. Hakuna aliyemweleza kwa nini kesi ilianguka. Hakuna polisi aliyerudi kumwambia, "Sasa tutamtafuta mwingine." Je, tunashangaa kwamba anaamini mkaza mwanawe ameponyoka? Amebaki na jibu moja tu, na amelishika kwa kuwa hakupewa lingine. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa haki ya kuelezwa. Familia inaweza kwenda ofisi ya mwendesha mashtaka wa umma, Meru au Embu, ikaandika barua kuuliza faili linaendeleaje. Pia hukumu nyingi za Mahakama Kuu huchapishwa na Kenya Law, na kijana yeyote wa jumuiya anaweza kuisoma kwa simu bila malipo na kuwaeleza wazee kwa Kimeru au Kiembu. Tulifanya hivyo na yule nyanya. Ilichukua alasiri nzima. Hakufurahi, lakini aliuliza maswali ambayo hakuwa ameuliza kabla, na mojawapo lilikuwa: "Kwa hivyo yule kijana wa duka hakuitwa?"

Swali hilo linatupeleka kwa jambo ambalo halipendezi. Kesi nyingi hazianguki kwa sababu ya hongo, ingawa hongo iko na hatuifichi. Zinaanguka kwa sababu yetu. Mtu akiuawa, kijiji kizima kinakuja kutazama na kukanyaga mahali pale, nyayo zote zinapotea. Panga linaokotwa, linapanguswa, linawekwa vizuri ndani ya nyumba "lisipotee." Familia inataka kuzika upesi, na daktari anaomba muda. Halafu polisi wakija kuandika taarifa, aliyeona anasema alikuwa amelala. Miaka miwili baadaye, mshtakiwa akiachiliwa, yuleyule aliyekuwa amelala anasimama kwenye gulio la muguka na kusema, "Ameponyoka huyo, mimi niliona kwa macho yangu." Ndugu yetu, kama uliona, mbona jaji hakukuona wewe? Woga tunauelewa. Kwa ajili hiyo kuna Sheria ya Kulinda Mashahidi ya 2006, na shahidi akitishwa aseme mapema kwa mwendesha mashtaka. Na yale uliyoyasikia kutoka kwa mwingine, ambaye naye aliambiwa, hayo korti haiyapokei. Wengine hutujibu kwa methali: panapofuka moshi pana moto. Ni kweli. Lakini methali haisemi ni nani aliyeuwasha.

Kuna wanaotaka wazee wamalize pale korti ilipoachia. Katika Meru, heshima ya Njuri Ncheke ni kubwa, na sisi tumefanya kazi pamoja na wazee wa Nchiru katika mambo ya mipaka na ya watoto, tukaona hekima yao. Katiba, kipengele cha 159, inatambua njia za jadi za kupatanisha watu, mradi zisivunje haki za binadamu. Kwa hivyo wazee wanaweza kuziketisha familia mbili zisizosalimiana, na tunawaomba wafanye hivyo. Lakini kumlazimisha aliyeachiliwa ale kiapo ili ajisafishe, huko ni kumshtaki mara ya pili kwa jambo ambalo limeamuliwa. Na wale wanaotaka mkato, yaani kumchomea nyumba usiku, wajue kwamba kuchoma nyumba ya mtu kunaweza kuleta kifungo cha maisha. Tumeona kijana aliyekuwa mlalamishi akageuka mshtakiwa.

Kwa sisi Wakatoliki, amri ya nane inahusu mambo haya. Wengi wetu huikumbuka tu tunapofikiria uongo wa makusudi, lakini Kanisa linafundisha pia kwamba kumhukumu jirani moyoni bila msingi wa kutosha ni dhambi dhidi ya jina lake.

Yule mjane bado yuko kwenye korti ya urithi. Mabati ya jikoni yamerudishwa, mpaka haujarudi. Watoto wake wanapita nyumbani kwa nyanya yao kuchota maji, na siku hizi nyanya huwaita waingie ndani wanywe uji.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya ndogo ndogo:

1. Katika kijiji chenu kuna mtu aliyerudi baada ya kesi ya mauaji? Mnajua kwa hakika alirudi kwa njia gani kati ya zile tatu, au mmesikia tu?

2. Familia ya marehemu ilielezwa nini, na ni nani anayeweza kuwasomea hukumu kwa lugha wanayoielewa?

3. Siku mtu alipouawa hapa kwetu, ni watu wangapi walioona jambo na hawakuandika taarifa? Waliogopa nini?

4. Watoto wa aliyeachiliwa na watoto wa marehemu wako katika shule moja. Mwalimu, katekista na wazazi wafanye nini wiki hii?

5. Kama kuna shamba linalogombaniwa katika jambo hili, nani anafaidika mtu huyu akiendelea kuitwa muuaji?